Paukwa ndani ya simu

Kompyuta ya kwanza kutoa hadithi ya Kiswahili sebuleni kwa mdogo wangu, mjini Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, ilikuwa mdogo wangu mwenyewe. Alijibanza nyuma ya kochi na mkasi, gundi na rundo la karatasi. Mezani aliweka kipande cha boksi la biskuti alichokikata umbo la simu, na juu yake ukurasa aliouchora kwa kalamu: kobe, fisi na chungu mekoni. Mwanawe wa miaka minne akigusa mshale, mkono unachomoza nyuma ya kochi na kubadilisha ukurasa. Akigusa alama ya spika, sauti inatoka mafichoni: "Paukwa!"

Mimi nilikuwa Dar es Salaam, natazama kwa WhatsApp, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Nilidhani ni mchezo wa Jumamosi. Kumbe ndivyo wabunifu wenye uzoefu wanavyoanza kazi: karatasi unaichana bila uchungu, lakini programu uliyoihangaikia miezi mitatu utaionea huruma hata ikiwa mbovu. Mdogo wangu alikaa na boksi lake la biskuti mwezi mzima kabla mwenzake, ambaye ndiye mwandishi wa programu, hajaruhusiwa kufungua kompyuta.

Nyumba ile ina watu wanne. Mama, yaani mdogo wangu, anagombeza kwa Kiswahili na kulipa bili kwa Kijerumani. Binti wa miaka saba na mdogo wake Kiswahili wanakisikia. Ukiwaambia wakalete viatu wanaleta, ila majibu yao yote ni ya Kijerumani. Shemeji yangu, fundi wa mitambo, mtu mwema asiye na maneno mengi hata kwa lugha yake, alikuwa na Kiswahili cha salamu moja. Kila Idi anapewa simu amsalimie mama yetu aliyeko Tanga, anasema "Shikamoo, mama," anaitikiwa "Marahaba, mkwe wangu, hamjambo huko?" na hapo hapo anairudisha kwa mkewe kama aliyeshika kaa la moto.

"Kaka, sitaki kitu cha kuwafundisha watoto," mdogo wangu aliniambia. "Nataka kitu cha kutukalisha sote wanne kwenye kochi moja kwa dakika kumi na mbili."

Dakika hizo alizipimia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Katuni za jioni zilikuwa zimekwisha kumega sehemu kubwa ya saa hiyo.

Si kwamba vitu hakuna. Chumbani kwa watoto wale ipo Toniebox, kile kisanduku laini kilichotoka Düsseldorf mwaka 2016: mtoto anasimamisha kisanamu juu yake na hadithi inaanza, bila skrini yoyote. Ipo pia tiptoi, kalamu ya kampuni ya Ravensburger inayotamka kilichomo kitabuni ikigusishwa ukurasa, nayo ilianza kuuzwa mwaka 2010. Mtu mzima anayetaka Kiswahili anaweza kwenda Duolingo, iliyoweka somo lake kwa wasemao Kiingereza mwaka 2017, kila mtu na simu yake, kila mtu na pembe yake. Na hadithi zenyewe hazina uhaba. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliofungua tovuti yake 2014, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India iliyofuata 2015, zimejaa vitabu vya watoto vya leseni huria, vya Kiswahili vikiwamo. Unapakua, unatafsiri, unachapa, na hudaiwi senti.

Kilichokosekana ni kikao. Na hapa sisi wa Tanga tuna la kusema, maana mkoa wetu ulipata kuwa darasa kubwa la vishikwambi. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipofikia majaribio, kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za timu tano zilizoingia fainali. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilishuka kwa nusu, na Mei 2019 Kitkit School na onebillion zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Ni kazi kubwa, wala siibezi. Ila katika takwimu zao kuna moja ambayo kila nikiiona inanikera: kwamba asilimia 80 ya watoto wale walikuwa hawajawahi kusomewa nyumbani. Sawa, hawakusomewa. Je, hawakutolewa hadithi? Mtoto wa kijijini asiyewahi kuona kitabu cha picha anaweza kuwa na bibi mwenye hadithi arobaini na vitendawili visivyo na idadi. Kusomewa na kutolewa hadithi ni vitu viwili, na anayebuni programu ya hadithi inampasa ajue anabuni kipi.

Mdogo wangu alichagua cha pili. Kwenye friji yake alibandika muhtasari wa utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, uliotoka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walipewa vikao 12 vya Kichina. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekaa nao sakafuni walizinasa sauti za lugha ile. Waliooneshwa watu hao hao kwenye video, au kusikilizishwa sauti zao, hawakuambulia kitu. Mtu anayetengeneza programu ya simu akibandika karatasi kama hiyo jikoni kwake, ujue amejitafutia kazi.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye neno la kwanza. Toleo la kwanza la kwenye simu halisi lilisema "Paukwa!", likangoja sekunde tatu, kisha likajiitikia lenyewe "Pakawa!" kwa sauti za watoto. Nilitazama jaribio lile. Shemeji alifungua mdomo, neno likiwa bado njiani simu ikawa imekwisha itikia. Ukurasa wa pili alifungua mdomo nusu. Wa tatu hakuufungua. Mtoto wa miaka minne alimtazama baba, akaitazama simu, akachagua simu. Kuanzia hapo baba alikuwa mtazamaji kama mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa kwenye kochi.

Wakaongeza sekunde zikawa sita, zikawa kumi. Mwishowe mdogo wangu aliiondoa saa kabisa: programu ingoje mpaka mtu aguse. Mwenzake alikataa. Simu ikinyamaza hivyo, alisema, watu watadhani imekwama, wataifunga. Ubishi ule ulidumu wiki mbili, na dawa yake ilipatikana Tanga, kwa bahati, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya hapo nieleze kipimo cha matamshi, kilichoishi siku moja. Wazo lilikuwa simu isikilize, kisha iweke alama ya kijani kwa aliyetamka vizuri na nyekundu kwa aliyekosea. Neno la kwanza la shemeji lilikuwa "ng'ombe". Mwenye kuzaliwa na lugha hii hajui jinsi ile ng' ilivyo ngumu kwa mtu ambaye kwao sauti hiyo haitangulii neno. Nyekundu. Akarudia, nyekundu. Binti yake wa miaka saba, kwa nia njema kabisa, akamtamkia polepole kama anavyofanya mwalimu wake. Shemeji alicheka. Kesho yake, saa ya hadithi ilipofika, alikuwa na kazi gereji.

Kipimo kikafutwa. Sheria nayo ingewasumbua: sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, ina masharti makali kuhusu taarifa za watoto na ridhaa ya wazazi, na sisi Tanzania tuna sheria yetu ya 2022. Lakini mdogo wangu hakukifuta kwa hofu ya sheria. Alikuwa amegundua kuwa mtumiaji mgumu kuliko wote ni baba. Mtoto akikosea anarudia, hana cha kupoteza. Mtu mzima akikosea mbele ya wanawe mara mbili, anatafuta gereji.

Lugha yenyewe ilikuwa na mitego yake. Kiswahili hakijali kama fisi ni dume au jike. Ni yeye, basi. Kijerumani kinajali. Kwao sungura ni wa kiume kisarufi, simba ni wa kiume, fisi na kobe ni wa kike. Tafsiri ilipowekwa, mtoto aliuliza: kwa nini huyo mama fisi anaiba maharage, hana watoto wa kuwapikia? Swali lile lingemshangaza msimulizi yeyote wa pwani. Shemeji na binti yake walibishana jambo hilo dakika tano nzima, na mdogo wangu, aliyekuwa na daftari, aliandika kuwa hizo ndizo dakika bora za kikao.

Tafsiri yenyewe iwekwe wapi? Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alipochapisha hadithi za Zanzibar mjini London mwaka 1870 alipanga Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili, na vitabu vya lugha mbili bado vinafuata mtindo huo. Kwenye kochi la Bremen mtindo huo ulishindwa jioni ya kwanza. Jicho ni kama maji, linafuata mteremko: shemeji alisoma Kijerumani peke yake na kukiruka Kiswahili chote. Suluhisho alilitoa mama yetu, bila kujua kuwa anabuni programu. "Si mkifunike kwa kawa," alisema. "Mwenye njaa atafunua." Basi Kijerumani kikafunikwa kwa kawa lililochorwa, la ukindu, la rangi mbili, na anayezidiwa analinyanyua na kuchungulia. Lilikuwa na kamlio kazuri likinyanyuliwa. Mtoto akawa analinyanyua na kulishusha mara ishirini kusikia kamlio, hadithi ikasahaulika. Kamlio kakaondolewa. Mwaka 2012 kituo cha Joan Ganz Cooney cha Marekani kiliwatazama wazazi na watoto jozi 32 wakisoma vitabu vya karatasi na vya kielektroniki. Vile vyenye vikorombwezo vingi viliwafanya watoto wakumbuke hadithi kidogo zaidi. Mdogo wangu na mwenzake wangeweza kuusoma utafiti huo na kujiokolea siku tatu.

Halafu kuna neno "hakumpikia". Kobe hakumpikia fisi. Mtu akiligusa neno hilo, programu imwoneshe nini? Ukilitafuta kamusini hulipati. Utapata "pika", na hapo umepoteza ukanushi, wakati, mtendewa na kwamba kapikiwa mwingine. Mwandishi wa programu alitaka kulikatakata: ha-ku-m-pik-i-a, kila kipande na rangi yake. Watoto hawakujali rangi wala vipande, walitaka kujua fisi atafanya nini akikuta chungu kitupu. Shemeji, kinyume chake, alipagawa. Mjerumani haogopi neno refu, na fundi wa mitambo akioneshwa kitu kinachofunguka vipande sita hupata usingizi mtamu. Wakakubaliana: ukigusa neno kidogo, linatamkwa, ukilishikilia, linafunguka.

Linatamkwa na nani? Walianza na sauti ya mashine, na kwa sehemu kubwa ilijitahidi, mpaka ilipofika "kobe akakaa barabara". Sisi tunajua kuna barabara ya magari na kuna barabara ya mtu aliyetulia sawasawa. Maandishi ni yale yale, mkazo tu ndio unaohama. Mashine ilimkalisha kobe kama lami. Ndipo nilipopigiwa simu: kaka, nenda Tanga ukamrekodi mama.

Nilifika Chumbageni mchana wa Ijumaa na maikrofoni ya kuazima. Mama alinikaribisha wali, akaniangalia ninavyofunga nyaya, akasema hatoi hadithi mchana. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa atoaye hadithi mchana huota pembe, na katika umri wake, alisema, hana nafasi ya pembe. Tukangoja isha ipite. Nikaziba dirisha kwa shuka, nikaegemeza godoro ukutani, nikamwambia mama aanze. Aliitazama maikrofoni kwa muda.

"Sasa namtolea nani, baba? Hiki kidude kinaniitikia?"

Basi mimi, mwanamume mwenye mvi, nikakaa chini kwenye mkeka kuitikia. Paukwa. Pakawa. Na sauti ya mama, iliyokuwa kavu alipoambiwa aisemee maikrofoni, ikalegea na kunoga. Fisi akapata pua ya kuvuta harufu, kobe akapata kikohozi cha wazee. Katikati ya hadithi jogoo wa jirani akawika. Ilikuwa saa mbili usiku. Jogoo yule ni mwehu, mtaa mzima unamjua. Mama hakusimama. "Hata jogoo kasikia," alisema, akaendelea.

Kule Bremen waliikata sauti yangu, wakabaki na mama akiita na kungoja. Kisha wakasafisha: jogoo nje, nyenje nje, na pale mama anapongoja wakaweka kimya kitupu. Watoto walisikiliza. Kwenye kile kimya yule wa miaka minne akaitikisa simu, akasema imekufa. Na jogoo yuko wapi? Alikuwa amemsikia kwenye rekodi ya kwanza, akamdai.

Wakarudisha nyenje. Na hapo ubishi wa wiki mbili ukaisha wenyewe, kwa sababu usiku wa Tanga unaweza kurudiwa bila kikomo: mama anaita "Paukwa!", nyenje wanaendelea kulia, pumzi yake inasikika kwa mbali, na programu inangoja dakika nzima ikibidi bila mtu kudhani imekwama. Shemeji alikuwa na muda wote wa dunia. Mara ya kwanza alitumia kama sekunde kumi na moja. "Pakawa," alisema, taratibu, kama anayekanyaga barafu kupima kama itambeba.

Hadithi ya mama ina kiitikio. Maharage ya kobe yameliwa, na kila mnyama akiulizwa anajitetea: "Sikugusa, sikuonja, harufu tu ilinijia." Kinarudi mara tano. Mdogo wangu alimpa mumewe kipande hicho peke yake. Mengine yote ni ya Bibi na ya watoto. Wiki ya kwanza kazi yake ilikuwa kiitikio tu, wiki ya nne akapewa maneno ya fisi. Wataalamu wana jina la kusoma kwa namna hii, ambapo mzazi anatua, anauliza, anamwachia mtoto aendeleze. Grover Whitehurst na wenzake walionesha huko Marekani mwaka 1988 kuwa mwezi mmoja tu wa kusoma hivyo uliwasogeza mbele watoto wadogo katika kuzungumza. Kina bibi wetu wangeshangaa kusikia kuna namna nyingine.

Jumapili moja shemeji alikutwa jikoni, kifuniko cha sufuria mkononi, na mchuzi kwenye ndevu. Binti yake akapiga kelele. "Sikugusa," alisema baba, "sikuonja." Wakacheka mpaka mama mtu akatoka bafuni kuuliza kuna nini. Hilo ni la kukariri, nikajisemea, hata kasuku angeliweza. Lakini wiki mbili baadaye, mama alipompigia na kumuuliza ameamkaje, shemeji, ambaye mtoto wake alikuwa na homa usiku kucha, alijibu: "Sikulala, mama." Neno hilo halimo kwenye hadithi. Alikuwa amechomoa "siku" kutoka kwenye chungu cha maharage na kuipachika mahali pengine mwenyewe. Mama alinipigia kunieleza kabla hajauliza hali ya mtoto.

Familia ya pili kuijaribu ilitoka Bukavu, nayo inaishi mji ule ule. Walimpenda fisi, wakampenda jogoo, lakini mama wa nyumba alisema kitu kilichowarudisha wabunifu mezani: Kiswahili hiki ni kizuri, ila si cha bibi wa watoto hawa. Kwao ni batoto, si watoto, ni muzuri, mtu anakuya. Watoto wake wakikariri lugha ya Tanga watampigia bibi yao simu na kumsahihisha. Ningependa kusema kuwa nilimwelewa papo hapo. Ukweli ni kwamba kwanza nilijitetea kwa usanifu, kama tulivyolelewa shuleni, mpaka mdogo wangu aliponiuliza ile "mwana wee" ya mama yetu imo katika kitabu gani cha sarufi.

Sasa kila hadithi ina kitufe cha kurekodi upya. Picha zinabaki, kiitikio kinabaki, nafasi za kungojea zinabaki. Sauti na maneno unaweka yako. Faili linakaa ndani ya simu ya familia, programu hailipeleki kwenye kompyuta ya mtu, na familia ikitaka inalituma yenyewe kwa WhatsApp kwa bando dogo. Bibi wa Bukavu ametuma hadithi tatu. Katika moja, mvua inapiga bati tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyejaribu kuisafisha.

Wiki iliyopita mama alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai. Amekumbuka kuwa hadithi ya fisi ameikosea. Fisi hakukimbilia porini, kama alivyosema. Aliingia ndani ya chungu, na kobe akaweka kifuniko. Ndivyo alivyotolewa yeye na bibi yake, na wajukuu wanapewa uongo. Nilimwambia toleo hilo limekwisha kwenda, watoto wamelizoea, na mwandishi wa programu ana kazi nyingine. Akasema huyo mwandishi apewe salamu.

Kwa hiyo Jumamosi niko Tanga. Nimeagizwa nije na maikrofoni ile ile, na shuka zito zaidi kwa sababu jirani kanunua jenereta. Jogoo, mdogo wangu amesisitiza, asiguswe.